Ubao wa Misumari wa Masele

Kwa miaka tisa, hakuna gari la kampuni ya uchorongaji miamba pale Kalangalala lililotengenezwa bila kupitia kwenye ubao wa mzee Masele, karani wa karakana. Dereva akiona hitilafu, Masele aliiandika kwenye kibati na kukitundika msumarini. Fundi akimaliza kazi, hakukigusa kibati. Dereva mwenyewe alijaribu gari, na akiridhika ndipo alikivua kwa mkono wake. Sheria hiyo aliitunga Masele, naye aliionea fahari kuliko ng'ombe zake.

Mwaka 1998 akaletwa Bernadina, binti wa Ushirombo aliyesomea kompyuta. Programu ya Kimarekani ya kufuatilia kazi ilikuwa imemchosha meneja, akamwagiza binti atafute nyingine kutoka Ulaya. Zikaja disketi: ya Kiswidi, ya Kiholanzi na ya Kijerumani. Meneja, ambaye hakuwahi hata kumwambia Masele "kaa", alimvutia binti kiti. Hapo ndipo roho ya kwa nini ilipomwingia mzee. Tangu siku hiyo shikamoo za Bernadina aliziitikia huku akitazama pembeni.

"Baba Melania, kwa nini fundi havui kibati?" Bernadina alimuuliza Masele, kalamu mkononi.

"Kamuulize Mjerumani wako."

Asubuhi ya Bernadina kumwonyesha meneja programu aliyoichagua, Masele alikivua kibati cha breki za lori la dereva Maganga, lori ambalo lilikuwa bado halijaguswa, akakitia mfukoni. Binti angenakili ubao wenye upungufu, kisha mzee angemuumbua mbele ya watu.

"Hitilafu ngapi?" aliuliza meneja.

Masele akakohoa, tayari kusema.

"Ubao una kumi na moja," alisema Bernadina, "lakini mimi ninazo kumi na mbili. Hii ya Kijerumani haifungi kazi mpaka aliyelalamika akubali. Nimemuuliza Maganga, breki zake bado. Zile nyingine zinamwachia fundi aifunge mwenyewe. Nimeichagua hii, bosi, kwa sababu inafuata sheria ya Baba Melania."

"Kibati cha breki kimekwenda wapi?" aliuliza meneja.

Bernadina alimtazama Masele, akauona mkono wake ulivyong'ang'ania mfuko.

"Labda upepo, bosi."

Meneja akacheka, kisha akamvutia Masele kiti, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Mzee akakaa. Kibati kilimchoma paja, naye akamchukia binti yule aliyemsitiri kuliko alivyomchukia mwanzo.