Shairi Lililosomwa kwa Barabara ya Juu

Mke wa kaka yangu, wifi yangu huyu mmoja, anafanya kazi kwenye barabara ya juu, ile iliyowekwa juu ya nguzo ili kupunguza foleni mjini. Anakaa kibandani, anapokea ushuru, anainua kizuizi, gari linapita. Mwenyewe huenda na kurudi kwa barabara ya chini, maana mabasi hayaruhusiwi kupanda. Kinyozi hajinyoi, mimi humtania, naye hunijibu kwamba kinyozi angalau havuti moshi wa magari kutwa nzima.

Amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Anatoka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Kaka yangu yuko kwenye kazi za mbali, kwa hiyo binti yao namlea mimi, shangazi yake. Siku moja mtoto alikosea akaniita mama, wifi akiwa palepale. Wifi akacheka. Baadaye nilimkuta jikoni anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Ndiyo maana siku ya wazazi shuleni ilikuwa jambo kubwa. Mtoto alichaguliwa kusoma shairi, na mama yake akaahidi kuja. Aliomba zamu ya asubuhi, akapewa. Lakini kibanda hakiachwi mpaka mwenzako wa zamu inayofuata aingie akae, na mwenzake wanamwita Bi Foleni. Jina halikuja bure.

Siku hiyo wifi alikuwa akiliona basi la Bi Foleni kutoka kibandani, limekwama kule chini, halisogei. Waliosema penye nia pana njia hawakuwahi kulipanda basi lile. Mwishowe Bi Foleni akashuka akatembea, na goti lake bovu. Alipofika, wifi hakuwa na moyo wa kumlaumu.

Dereva wa gari la mikate, mteja wake wa kila siku, akakubali kumpa lifti. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo silielewi. Barabara ya juu inapita ubavuni kabisa mwa shule, lakini haina pa kushukia mpaka mbele sana, nje ya mji. Yeye ndiye huwaeleza madereva jambo hilo kila siku. Nilipomuuliza aliwaza nini, aliniambia, "Nilikuwa nimechoka, wifi. Niliona barabara iko wazi, nikapanda."

Akapita pembeni mwa shule kwa kasi, wala hakuona kitu, maana hapo pana ukuta mrefu wa kuzuia kelele. Akashushwa huko mbali, akaanza kurudi na foleni ya chini.

Mimi nilikuwa uwanjani, kwenye kiti cha mbele. Mwalimu alimwita mtoto. Akasimama, akavitazama viti vyote, akanitazama mimi, kisha akatupa mgongo. Akaielekea barabara ya juu na kusoma shairi lake lote kwa sauti kubwa. Wageni walicheka. Mwalimu alimgeuza kwa mabega, naye akajigeuza tena. Niliona haya, na hasira pia, nikisema moyoni huyu mtoto ananiaibisha baada ya yote niliyomfanyia.

Wifi alifika wakati wanapanga viti kupeleka ndani. Sare imemganda mgongoni kwa jasho, viatu kavishika mkononi. Akachuchumaa mbele ya binti yake, na kabla hajaomba radhi mtoto akamwahi.

"Mama, nilikusomea wewe kule juu. Nilipaza sauti. Ulisikia?"

Hapo hasira yangu yote iliniishia. Wifi alinitazama, mimi nikatazama chini.

"Nilisikia," akasema.

Mtoto alifurahi mno, sijapata kumwona vile. Akaanza kueleza jinsi mwalimu alivyotaka kumgeuza naye akakataa. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba, taratibu kabisa, amsomee tena hapohapo, hata ubeti mmoja tu.

"Si umeshasikia, mama?" mtoto akasema. "Mimi nimechoka."

Akauvua mkoba wake wa shule, akanipa mimi nimbebee.