Kumpeleka Mama Osaka

Siku hizi Mswahili yeyote wa Sydney anayetaka kwenda Japani na familia huelekezwa kwangu, utadhani nimezaliwa kule. Nimekwenda mara moja tu, tena mji mmoja tu, Osaka. Lakini nilikwenda na mama yangu mwenye magoti mabovu, mume asiyependa kuuliza njia na binti anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, kwa hiyo ushauri ninao na sina choyo nao. Huwa naanza na viatu. Vaa vya kutumbukiza mguu tu, usithubutu vya kamba, maana kule utavua na kuvaa mpaka ukome. Na soksi zisiwe na matundu. Mume wangu nilimwambia hilo tukiwa bado nyumbani Westmead, akaniuliza nani atakuwa na muda wa kuangalia vidole vyake. Walikuwa nao.

Safari yenyewe ilitokana na Mama. Alikuja kutoka Tanga kututembelea kidogo tu, korona ikaingia, mipaka ikafungwa akiwa kwetu, na ule ugeni ukageuka miaka. Mwaka huohuo mdogo wangu, aliyeolewa na Mjapani na kuhamia Osaka, akajifungua mtoto wa kike. Mama hakwenda kumlea mzazi. Hakumkanda mwanawe kwa maji ya moto, hakumpikia uji wa pilipili manga, hakumwogesha mtoto hata siku moja. Kwetu hilo si jambo la kupita hivihivi. Mjukuu wake alimjulia kwenye simu, na kila wakimaliza kuongea alinigeukia na swali lilelile: "Hivi huyu mtoto tukionana atanijua kweli, au atanikimbia?"

"Atakujua, Mama," nilimjibu kila mara.

Nilisema tu. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na zile amri za kukataza wageni zilipolegezwa niliwaona wajukuu wakiletwa kuwasalimia babu na bibi zao, wakajificha nyuma ya mama zao wasitoke. Niliwaona pia wale wazee walivyobaki. Mama sikumsimulia, na nilimkataza mume wangu asije akaropoka.

Simu zenyewe zilikuwa kituko. Mama hakukubali kuanza kuongea mpaka apige hodi. Picha imeshatokea, watu wanaonana uso kwa uso, yeye kaishika simu kwa mikono miwili na anaita, "Hodi wenyewe!" Asipoitikiwa ananyamaza, anangoja. Ikabidi mdogo wangu amfundishe mtoto kuitikia, na kale katoto hata maneno hakajakamilisha kakawa kanapaza sauti upande wa pili: "Kaibu!" Binti yangu alicheka mpaka akajishika mbavu. Alimweleza bibi yake, kwa Kiingereza chake, kwamba simu haina mlango.

"Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu," Mama akamjibu. "Mimi siingii kama mwizi."

Tukamwacha na hodi zake.

Australia ilipofungua mipaka, Mama angeweza kurudi Tanga. Akagoma. Alisema harudi kabla hajampakata mtoto yule, na Mama akishasema hivyo usipoteze mate yako. Japani nayo ikachelewa kuruhusu watalii mpaka nikaanza kuichukia bila kuijua. Habari za kufunguliwa zilinikuta kazini, barakoa imenibana masikio. Nilijifungia stoo nikalia kidogo, nikafuta uso, nikarudi kugawa chai. Shemeji yangu wa Kijapani alihangaikia viza ya Mama mpaka ikatoka. Mpango ukawa twende wote Osaka kwa wiki moja, kisha sisi turudi Sydney na Mama apande ndege ya kwenda nyumbani. Kwa umri wake na magoti yale, sote tulijua hatasafiri tena mbali namna hiyo. Wiki hiyo ndiyo aliyopewa ya kukaa na mjukuu wake, basi.

Ushauri mwingine: soma mapema vitu wanavyokataza kuingiza. Mama alikaanga sambusa za nyama, akazigandisha, akazifunga katikati ya kanga zake bila kumwambia mtu. Nilizikuta begi lilipoanza kutoa maji sebuleni. Nikamwambia nyama hairuhusiwi kabisa kule, hata iliyopikwa.

"Niende kumwona mzazi mikono mitupu? Watasema nilimtupa mwanangu."

"Nani atasema, Mama? Wajapani?"

Tulibishana, na mimi nikibishana jirani anajua. Mwisho alikaanga nyingine za dengu, kanuna, na zile za nyama tukawapelekea majirani zetu Wakongo, wakatuombea safari njema huku wanatafuna. Dawa pia ziulizie, nyingine tunazomeza hapa kila tukipata mafua kule hawazitaki. Kila dawa ya Mama niliibeba kwenye boksi lake na maelezo ya daktari, na sikujuta.

Hofu kubwa ya Mama, mbali na mtoto, ilikuwa chooni. Tangu afike Sydney alitembea na chupa ya maji kwenye mkoba, maana vyoo vya huku ni karatasi tupu na yeye karatasi haitambui. Tuliposhuka uwanja wa ndege wa Osaka akaingia na chupa yake. Alikaa humo mpaka nikaanza kugonga mlango. Alipotoka, macho yake yalikuwa yanacheka juu ya barakoa.

"Mwanangu, choo kinakuosha chenyewe. Tena maji ya vuguvugu!"

"Na chupa je?"

"Ya nini tena? Tafuta pa kuitupa." Akanyoosha mtandio wake vizuri. "Watu waliostaarabika ndio hawa."

Pa kuitupa hapakuonekana, na hilo nalo lijue: kule mapipa ya taka ni adimu, mtu anabeba taka zake mpaka nyumbani. Mama alitembea na chupa tupu siku nzima. Nilikuwa nimefurahi jinsi alivyochangamka, nikaona basi, mengine yote yatajipa.

Tukatoka nje walipokuwa wanatungoja. Mdogo wangu nilimwona kwanza, kakonda, analia na kucheka, na mtoto kamshika mguu. Kale katoto kamevaa barakoa ndogo yenye picha za paka. Mama akamwachia binti yangu mkoba, akainama kadiri magoti yalivyomruhusu, akafungua mikono. Alimwita kwa jina, polepole, akamwita tena.

Mtoto alimtazama. Akaiona barakoa nyeupe, mtandio, na mwanamke mkubwa asiyemjua katokea wapi. Akapiga ukelele, akajichimbia nyuma ya mama yake.

Mikono ya Mama ilibaki wazi kwa muda, halafu akaishusha, akajifanya anafunga vizuri mtandio. Mdogo wangu akawa anamsukuma mtoto mbele, anamwambia kwa Kijapani na Kiswahili kwamba huyu ndiye Bibi wa kwenye simu. Mtoto alizidi kulia.

"Mwacheni," Mama akasema. "Mtoto wa watu kachoka."

Yeye ndiye aliyekuwa kachoka. Roho iliniuma, na kwa kuwa mimi nikiumia huwa mkali, hasira zote zikamwangukia mume wangu. Nilikuwa nimemshauri tuyatume mabegi makubwa kwa gari la mizigo kutoka pale uwanjani, wanayafikisha mpaka mlangoni, akasema yeye mwanamume mzima hashindwi na mabegi. Sasa tulikuwa kwenye stesheni ya kubadilisha treni, ngazi mbele yetu, jasho linamtoka. Lifti zipo karibu kila stesheni, ila zimejificha kwenye mlango usioutaka wewe, kwa hiyo utafute kwanza mlango wenye lifti ndipo uanze kutembea. Binti yangu aliitafuta kwenye simu akatuongoza wote bila kukosea, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimsifu mtu.

Ndani ya treni zungumza chini, au nyamaza. Mume wangu alipigiwa simu na rafiki yake wa Liverpool, ile ya Sydney, akaipokea kwa sauti ile ya sokoni. Hakuna aliyemkemea, abiria walikodolea viatu vyao tu.

"Mwambie mumeo apunguze sauti," Mama akaninong'oneza. "Humu ni kama msibani."

Siku nyingine angelisema hilo kwa kicheko. Mtoto alikuwa amekaa upande wa pili kwa mama yake, na kila Mama akimtupia jicho alificha uso. Baada ya vituo kadhaa Mama akaacha kutazama. Nilihesabu kichwani usiku na mchana wa ile wiki, nikajiuliza siku hizo zinatosha kweli kumtoa mtoto hofu.

Nyumba ya mdogo wangu iko ghorofani, na lifti yake ni ndogo, sote na mabegi tusingeenea kwa mara moja. Wakatangulia wao: mdogo wangu, mtoto, mume wangu, binti yangu na mizigo. Mimi na Mama tukafuata. Tulipofika, mlango ulikuwa umejifunga. Nikanyoosha mkono kubonyeza kengele, Mama akanishika.

"Hapana," alisema. "Mimi si mtu wa kengele."

Akaishusha barakoa kidevuni. Akasimama sawa mbele ya mlango ule wa chuma, kwenye varanda ya watu wasiotujua, akaita kama alivyoita kwenye simu miaka yote ile, "Hodi wenyewe!"

Ndani kimya. Nilitamani nimwambie aache, nisimwone akiaibika mara ya pili.

"Hodi!"

Nikasikia miguu midogo inakimbia sakafuni. Kisha sauti, karibu kabisa na mlango, ikipiga kelele kwa nguvu zake zote: "Kaibu! Kaibu, Bibi!"

Kitasa kikahangaika, mtoto hajui kukizungusha, mpaka mdogo wangu akaja kumsaidia. Mlango ulipofunguka mtoto alikuwa amesimama pale bila barakoa, anamtazama Mama usoni. Alimtazama vizuri, mdomo mpaka macho. Halafu akamshika kidole kimoja akamvuta ndani.

Na Mama akaingia na viatu. Baada ya maneno yangu yote kuhusu viatu, alivuka pale wanapovulia, akakokotwa mpaka kwenye mkeka, akaketi, na mtoto akapanda mapajani kwake kama aliyezoea. Mimi nilijikuta nimekaa chini mlangoni, nacheka peke yangu. Mdogo wangu, ambaye siku hizi kiatu ndani ya nyumba kinamwumiza kichwa, alipiga magoti akamvua Mama viatu palepale alipokaa, kimoja kimoja.

Mama hata hakumwona. Alikuwa ananitafuta mimi kwa macho.

"Umeona?" aliniambia. "Kanijua."