Ufunguo Wachukua

Mimi nilikuwa wa mikia, shoga yangu wa vichwa. Ndivyo walivyotuita kwenye kikundi chetu cha taarabu pale Makorora, na walituita hivyo kwa kutucheka. Yeye sauti zilimjia vipandevipande, mwanzo tu, basi. Akishapata mwanzo hana habari tena. Mimi mwanzo sijawahi kuupata hata mmoja, lakini nipe kipande chako, nitakutafutia kinakoishia.

Kazi hiyo tuliifanyia kwenye foleni. Siku hizo sabuni huioni, sukari huioni, na ikisikika kuna kitu duka la ushirika, Makorora nzima iko pale na vikapu. Wengine wakigombana, yeye ananiinamia sikioni, mm-mm-mmm, nami naitikia mpaka wimbo unatimia. Mara nyingine tulifika mbele sabuni imekwisha, tukarudi na wimbo. Mama yangu alikuwa akisema, "Haya, fueni na huo wimbo wenu!"

Kisha akaolewa Pemba, na mfanyabiashara wa karafuu. Bwana huyo alianza kuposa kwetu, baba akamkataa, akaenda nyumba ya pili. Mtaa mzima ulijua. Mimi wallahi sikumtaka hata kwa dawa, na shoga yangu nilimpamba mwenyewe kwa mikono yangu. Asubuhi ya safari alinishika shingo, akaniimbia kipande kimoja kipya. Kilipanda, kikapanda, kikabaki juu kinaning'inia. Akacheka, "Kitie mkia, nikirudi unisikilizishe."

Hakurudi. Na kile kipande kilinitesa! Nikipika nacho, nikifagia nacho. Kila mkia niliokitia ulikataa. Foleni nilisimama peke yangu, nikikivumia, na aliye mbele yangu akigeuka kunitazama kama mwehu. Nilimkumbuka shoga yangu mpaka kifua kikauma. Mume akifa watu wanakuja kukupa pole. Shoga akiolewa mbali, nani anakuja?

Mwishowe nikakilazimisha. Nikakishusha chini kwa nguvu tu, nikakitilia maneno:

*Ufunguo wachukua, mlango waniachia,*
*Nabisha hodi najua, hapana wa kunijia.*

Ufunguo ni ule mkia, jamani. Ni zile sauti zetu mbili. Nilikuwa namwita yeye, nikitumaini wimbo utavuka maji umfikie, aje hata kwa siku mbili.

Tukauimba kwenye shughuli ya wanawake kule Usagara, alasiri. Sijamaliza ubeti wa kwanza, wakainuka. Vigelegele, leso zinarushwa, mmoja akanikumbatia huku analia, "Mpashe! Mpashe mwizi wa mabwana!" Nikaganda na tari mkononi. Kwetu wimbo hauimbwi bure. Lazima una mtu wake, na mtu wake walikwishampata. Ufunguo kwao ni yule bwana wa karafuu.

Niliwaambia sivyo. Nikaapa. Wakanikonyeza, "Tunajua, shoga, tunajua." Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuuomba, mpaka kikundi kikawa hakialikwi bila wimbo ule. Nikimkuta msafiri wa Pemba namtuma: mwambie wimbo ni wake kwa mapenzi, asisikilize maneno ya watu. Wa mwisho alirudi na jibu. "Kasema dongo limemfika, na ahsante."

Baadaye ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, na foleni zikafa. Wenzangu walifurahi, nami nilifurahi na sabuni, sikatai, lakini nilipita pale dukani nikaona uwanja mtupu na roho ikanisononeka. Kaka yangu akanunua redio ya kaseti, mpya. Siku moja akaja na kanda, akaitia redioni, hakunitazama usoni. Akasema tu, "Imetoka Pemba," akatoka nje.

Kinanda kikaanza, na kile kipande kikapanda. Kikapanda. Nikajishika kifua. Ilikuwa sauti yake, imekuwa nzito kidogo. Na pale juu kinaponing'inia hakukishusha hata kidogo. Alikizungusha polepole, kikarudi pale pale kilipoanzia. Kumbe ndivyo! Miaka yote hiyo mimi nakivuta chini, nacho kinataka kurudi kwao.

Halafu nikasikia maneno.

*Ufunguo ni wa kwangu, wewe baki barazani.*

Nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele, wanampa moyo anipashe. Wananichukia na hawanijui.

Nililia, ndiyo, niseme uongo wa nini. Nikairudisha kanda nyuma. Nikaisikiliza tena, tena. Mkia ulikuwa mzuri, wa kwanza aliowahi kuupata mwenyewe, na palikuwa na nafasi ya sauti ya pili, hakuna aliyeijaza. Nikafuta machozi kwa upindo wa leso. Ilipofika pale, nikamwitikia kama tulivyokuwa tukifanya kwenye foleni: *wewe baki barazani.*