Shule ya Mwanafunzi Mmoja

Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi kiasi kwamba hata baada ya kustaafu, mbuzi wake hutoka zizini kwa mstari, wafupi mbele, warefu nyuma. Kwa hiyo aliposikia kwamba mjukuu wake wa miaka tisa yuko Qatar bila shule, na kwamba anayemfundisha nyumbani ni mimi, hakupoteza wakati kwa maswali. Alituma ujumbe wa sauti. Mke wangu akauweka kwa spika pale jikoni huku akikaanga mayai, ili mtuhumiwa asikie vizuri.

"Mkwe wangu nampenda," sauti ilisema, "lakini naye amemaliza shule juzi tu. Muhula ukiisha nitamtahini mtoto mimi mwenyewe, kwa simu, nikimwona uso. Akijua, abaki. Asipojua, mnipandishie ndege aje huku. Nafasi ya bweni nimeshamwombea."

Mke wangu akageuza yai. "Umesikia, Mwalimu?"

Nilisikia. Nilisikia pia kwamba hakusema neno la kumpinga mama yake, na mke wangu ni muuguzi. Hao hunyamaza tu dawa ikishaanza kufanya kazi.

Ninyi msiomjua binti yangu mtasema bweni si kaburi. Ni kweli. Lakini mimi nilikuja Qatar peke yangu akiwa na miaka minne, na kwa miaka mingine minne nililala chumba kimoja na walinzi watano, mmoja wao akikoroma kwa sauti ya jenereta, huku nikimlea mtoto kupitia simu. Nilichokiona cha malezi ni paji la uso wake na dari. Ndipo mke wangu akapata kazi kliniki Al Wakrah, tukapata karatasi za familia, nao wakaja katikati ya mwaka wa masomo. Kila shule tuliyoipigia ilituweka kwenye orodha ya kungoja, na naamini mwisho wa orodha hizo uko Saudia. Sasa nilikuwa na mtoto mzima, mwenye miguu na kila kitu, na nyanya yake alitaka kunirudishia paji la uso.

Kwa hiyo nilifungua shule.

Kuhusu sifa zangu za ualimu sina haja ya kujificha. Nilisoma ngumbaru. Nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nikitoka kazini jioni, nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, pamoja na mama muuza mboga, fundi wa viatu na mzee mmoja aliyetaka kujifunza kusoma ili ahakikishe mkewe anamsomea barua jinsi zilivyo. Wote tulikuwa tumechoka kama punda wa maji. Mwalimu wetu alijua kwamba akiuliza swali la kawaida atajibiwa na usingizi, kwa hiyo hakuuliza. Alianza jibu yeye mwenyewe na kutuachia mkia. "Mji mkuu wa Uganda ni Kam?" Nasi sote kwa pamoja, hata waliolala: "Pala." Kwa njia hiyo tulimaliza sekondari. Nilipata cheti ambacho nilikibusu mbele ya karani wa mitihani, na karani huyo hajapona mshtuko hadi leo.

Basi mbinu iliyomfanya mtu kama mimi kuwa msomi, ningemnyima mwanangu kwa nini?

Ubao mweupe niliufunga kwenye mlango wa kabati la nguo, kwa hiyo mke wangu akitaka sare ya kazi ilibidi asubiri hesabu iishe. Saa moja na nusu asubuhi tulisimama gwaride mbele ya friji. Nilikagua kucha. Niliita rejista ya mtu mmoja, na siku moja mtu huyo alichelewa, akitokea chumba cha pili. Saa nne hadi saa tano kilikuwa kipindi cha kusoma kimya. Mwanafunzi alisoma, na mwalimu alinyamaza kwa kina kochini, maana zamu yangu ya ulinzi kule The Pearl, mtaa wa matajiri, huanza saa tisa alasiri na mlango wa jengo haujifungui.

Vipindi vingine vyote vilikuwa moto. "Damu husukumwa na mo?" "Yo." "Tano mara nane ni aro?" "Baini." Majirani walidhani tunafanya maombi. Binti yangu alikuwa hakosei hata kimoja. Nilimwambia mke wangu tumezaa profesa.

"Profesa wa nini?" aliuliza, akitafuta soksi nyuma ya ubao.

"Wa kila kitu."

"Haya. Mwambie profesa akwambie ameweka wapi charger yangu."

Niliingia pia kwenye kikundi cha simu cha wazazi wanaofundisha watoto nyumbani, na wakatualika kwa mkutano kwenye nyumba moja pale pale The Pearl, ghorofa ambayo nimewafungulia watu mlango wake mara elfu moja bila kujua ndani kuna zulia la kuzama hadi vifundo. Akina mama walikuwa wametulia kama watu waliolala masaa kumi. Mmoja aliniuliza tunafuata falsafa gani ya elimu. Nikamwambia ya Kenya. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa na kuniuliza kama ina kitabu.

"Sisi hatufundishi," akanieleza. "Tunamsindikiza mtoto."

Mwanawe aliyekuwa akisindikizwa alikuwa chini ya meza, akiilisha unga hamira yake ya mkate, chachu hai iliyokuwa kwenye chupa na yenye jina lake. Mwingine alipiga fidla kwa namna iliyonifanya nimwombee mnyama aliyetoa nyuzi. Lakini walikuwa wanaongea, hao watoto. Hawakunyamaza. Msichana mmoja akamjia binti yangu na kumwuliza, "Wewe unajifunza nini kwenu?"

Binti yangu alimtazama. Akatabasamu. Akangoja. Yule msichana naye akangoja, kisha akachoka, akarudi kwa hamira.

"Umeona heshima hiyo?" nilimwambia mke wangu tukirudi. "Mtoto hakurupuki."

Mke wangu aliangalia dirishani hadi tukafika Al Wakrah.

Mtihani ulikuwa Jumamosi asubuhi, mke wangu akiwa hana kazi. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la unga. Nyanya alitokea akiwa amevaa miwani na koti la suti, nyumbani kwake, saa tatu, peke yake. Nilisimama pembeni mahali ambapo kamera haifiki, kama kocha. Binti yangu alikuwa amevaa sare, soksi zimevutwa hadi magoti.

Wakasalimiana vizuri. Nyanya akafungua daftari.

"Mji mkuu wa Uganda unaitwaje?"

Kimya. AC ilinguruma. Binti yangu alimtazama nyanya yake kwa upole na subira, kama mtu anayengoja lifti.

"Hujui?"

"Najua."

"Haya, sema."

Akangoja tena. Shati lilinigandia mgongoni, na AC hiyo ingeweza kugandisha ng'ombe. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na ilikuwa kama kumwona mtu amevaa suruali yako sokoni. Mtoto hakuwa na jibu hata moja. Alikuwa na mikia. Nilikuwa nimempa mikia ya elimu yote ya darasa la nne, na vichwa vyake vyote nimebaki navyo mimi.

Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo mzazi yeyote angefanya. Nikakohoa: "Kam."

"Pala," akasema binti yangu, uso ukimng'aa.

Nyanya akainua macho. "Nani amekohoa?"

Nikaangalia dari.

"Moyo unafanya kazi gani mwilini?"

Nikajaribu kujizuia. Naapa nilijaribu. "Unasukuma da," koo langu likasema.

"Mu."

"Mkwe wangu," Nyanya akasema bila kupaza sauti, "hebu toka nje."

"Mama, nilikuwa tu..."

"Toka, baba. Na mlango ufunge."

Nilitoka hadi koridoni na ndala, nikatega sikio mlangoni. Jirani yetu Msudani akapita na mifuko ya mboga, akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nikamwambia ufunguo upo, nimefukuzwa mtihani. Akafikiri kidogo, akaniachia ndizi moja, akaenda zake.

Nikaona bweni. Nikaona kitanda cha juu na sanduku la chuma, na mimi Ijumaa, siku ya kanisa huku, nikishika simu na kuiambia dari kwamba naipenda.

Kisha nikasikia sauti ya Nyanya. "Sawa. Mimi sikuulizi tena. Leo nimechoka kufundisha. Wewe simama, nifundishe mimi."

Kiti kikasukumwa. Nikasikia kifuniko cha kalamu ya ubao.

"Maji yakichemka," binti yangu akasema, kwa sauti yangu kabisa, hata kile kiburi, "yanageuka kuwa mvu?"

Akangoja. Na huko Kenya, mwalimu mkuu mstaafu, aliyewahi kuwafunza walimu wenyewe, akajibu, "Ke."

"Kwa sauti, Nyanya."

"Ke."

"Mvuke ukipanda juu ukapoa, unakuwa mawi?"

"Ngu." Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kifupi kama mtu aliyeshikwa kiunoni. "Ala. Nami nimeingia."

"Sasa," binti yangu akasema, "kwa nini hapa mvua hainyeshi na maji yako hewani?"

Hilo silo nililomfundisha. Nilibandika sikio mlangoni hadi likauma.

"Sijui," Nyanya akasema. "Kwani maji yako hewani?"

"Yako. Yanatoka kwenye bomba la AC pale kibarazani. Niliweka ndoo. Siku ambazo madirisha yanalowa kwa nje na nguo hazikauki, ndoo inajaa kabla Mama hajarudi. Siku za upepo wenye vumbi haifiki hata nusu. Kwa hiyo maji yapo, lakini hewa haipoi huko juu ya kutosha. AC ndiyo inaipoza. Ndiyo maana kunanyesha kwa bomba tu."

Alisema yote hayo bila kumngoja mtu. Nyanya akauliza amepima siku ngapi. Mtoto akasema ana daftari. Nyanya akauliza alikuwa anapima saa ngapi.

"Saa nne hadi saa tano," akasema. "Baba akilala."

Jirani yetu angekuwa bado yupo ningemrudishia ndizi yake.

Niliitwa ndani. Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti, hanitazami. Nyanya alikuwa amevua miwani.

"Mtoto abaki," akasema.

Nikafungua mdomo nishukuru.

"Usishukuru bado. Mtoto ana akili, na amezipata ukiwa umelala. Kila siku utampa saa moja ambayo wewe uko macho, umekaa naye, na humsemeshi. Hata kukohoa usikohoe. Na maswali yako uyaulize mpaka mwisho, kisha ufunge mdomo."

"Sawa, Mama."

"Ukishindwa, ninyi nyote wawili mtakuja bweni."

Simu ilipokatika nilimgeukia mke wangu, nikitaka kusema tumeshinda. Alikuwa ameshainuka kochini, yuko chumbani, ameinama akivuta kitu chini ya kitanda. Ilikuwa begi ya safari, imeshajaa. Sare mbili, taulo, mswaki mpya kwenye karatasi yake, sweta tatu za baridi ya kwao.

"Ulipanga lini hii?"

"Tulipotoka The Pearl." Akakaa sakafuni kando ya begi. "Ulisema hakurupuki. Mimi nilimwona hajui aanzie wapi. Usiku huo nikapanga."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia saa ngapi? Ukiwa unafundisha hakuna anayeingiza neno."

Tulianza kutoa nguo. Yeye alitoa, mimi nikakunja, na nilikunja vibaya makusudi ili azikunje tena, maana mikono yake ilihitaji kazi. Binti yetu akaja, akachukua sweta moja, ile nene ya bluu, akaivaa juu ya sare. Mama yake akamwambia nje ni joto la kuchemshia chai. Akasema haendi nje, anakwenda kibarazani, na huko kuna maji baridi yanadondoka.

"Kibarazani ni nje," mke wangu akasema.

"Nitakaa mlangoni."

Akakaa mlangoni, daftari gotini, jasho likimtoka, akiangalia ndoo. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Saa yangu ya kwanza ya kunyamaza. Matone yalikuwa yakianguka polepole, moja, halafu jingine, na kila moja lilinichokoza niseme kitu kuhusu mvuke. Niliuma ulimi. Mke wangu alipita na nguo, akasimama, akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi.

Dakika ya tisa nikamwuliza mtoto kama ana swali.

"Ninalo," akasema, bila kuondoa macho kwenye ndoo, "lakini si la kukuuliza wewe."