Jivu la Bibi na Nyoka wa Mpilipili

Enzi zetu, hata nyoka alisikilizwa kwanza. Mliokulia nyumba za uani Ilala mnanielewa. Nyumba ya bibi ilikuwa na vyumba sita, choo kimoja, na nyuma ya bafu kibustani kisichozidi mikeka miwili: mchicha, mchaichai, na mpilipili uliokunywa maji ya kuoshea vyombo mpaka ukanenepa. Nikifumba macho hata sasa naisikia ile harufu, mchaichai na sabuni ya mche na samaki wa soko la Feri wakikaangwa, mchana umetulia, kuku amelala vumbini, nami nimejikunja kivulini nikipika chakula cha udongo kwenye vifuniko vya chupa. Dunia yangu yote iliishia pale.

Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa anakitolea macho kibustani kile. Alitaka akimwagie zege, ajenge chumba cha kupangisha. Basi asubuhi moja Mama Rose, mpangaji wetu Mchaga, akapiga yowe: "Nyoka kwenye mpilipili!" Baba mdogo akatoka na panga mkononi na furaha usoni.

"Si nilisema? Hapa ni zege tu!"

"Weka panga chini," bibi akasema. "Usiue usichokijua. Nampa siku tatu. Akiwa mbaya, mwaga zege lako."

Bibi akajifunga kanga vizuri, kama anapokea mgeni, akausogelea mpilipili kidogo. "Ewe kiumbe, kama wa heri kaa. Kama wa shari, hama."

"Mama, kwani nyoka wa huku anajua Kiswahili?" Mama Rose akauliza, kapanda juu ya kiti.

"Anakijua kuliko wewe."

Jioni bibi akazoa jivu la jiko la mkaa, akalichekecha, akalitandaza chini ya mpilipili. Asubuhi tukachuchumaa kulisoma. Kifutu, yule nyoka mnene wa sumu, alinifundisha, hujiburuta kanyooka, alama yake pana kama mchi umeburutwa. Hii yetu ilikuwa nyembamba, imepindapinda kama uzi ulioanguka kwa fundi cherehani. Siku ya pili vilevile. Lakini bibi hakuridhika, maana wapo wembamba wa kijani wanaoua, na hakuruhusu mtu kunyoosha hata kidole.

Siku ya tatu tukamwona mwenyewe, sisi tumekaa mbali, Mama Rose juu ya kiti chake tena. Kijani kibichi, mwembamba kama ufito, macho makubwa ya mviringo, chura mdomoni.

"Aa, hawa!" Mama Rose akashuka kwenye kiti. "Kwetu migombani wamejaa. Hawana neno."

"Nyoka ukuti," bibi akamalizia.

Baba mdogo akaondoka na panga lake bila kuaga. Mimi nikarudi kivulini kwangu.

Leo pale pana ghorofa na maduka ya mapazia. Hata zege lenyewe halionekani, limefunikwa marumaru.

Juzijuzi sasa. Nyuma ya jengo tunalopanga Mchafukoge nimepanda mchicha kwenye ndoo za rangi. Mwanangu Idrisa, miaka saba, akaniita: "Mama, kuna uzi wa kijani unatembea!" Nikashuka ngazi mbio, mdogo wake mgongoni. Nimechelewa. Vijana wa duka la chini, mmoja kashika jiwe, wanne wameshika simu wanarekodi.

"Mmemuulia nini?"

"Sista, punguza presha. Nyoka ni nyoka."

Nyoka ni nyoka! Nilifoka mpaka sauti ikakauka, na sijutii. Halafu ndipo mmoja wao akaiuliza simu yake, ikamjibu kwamba yule hana madhara. Kizazi hiki kina majibu yote mfukoni, ila kinayatoa baada ya mazishi.

Idrisa hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, sasa sisi tungejuaje?"

Nikatafuta jivu nimwonyeshe. Jengo zima wanapikia gesi. Nikaenda kuomba kwa mchoma mahindi wa pale kona, akanitazama kama mchawi, lakini akanipa. Tangu siku hiyo kila jioni tunalitandaza kuzunguka ndoo, na kila asubuhi tunachuchumaa, mimi na yeye, tunasoma. Labda yupo mwingine.

Mpaka leo asubuhi, jivu lina alama za soli za viatu tu.