Kaz Asiyetakiwa Sebuleni

Kaz Kubiak, jirani yangu, fundi bomba mstaafu, ana mkosi. Simsingizii, mtaa mzima hapa kando ya ziwa unajua. Akitazama besiboli kwenye televisheni, timu yetu ya Korongo inafungwa. Akienda chooni, wanapata pointi. Tangu azaliwe hawajachukua kombe, na wapo wanaosema kuzaliwa kwake ndiko kulikoharibu mambo.

Msimu huu Korongo wamecheza mpaka tukaogopa wenyewe. Kila mechi tunakusanyika sebuleni kwangu kula soseji na kabichi, na Kaz anapewa sahani yake na kuonyeshwa mlango. Anakaa kwenye banda la gari, bila redio, anasikiliza kelele zetu.

"Jamani, hata dirishani?"

"Kaz, usituletee balaa! Funga mlango, baridi inaingia!"

Sisi bwana, hatuna huruma.

Mkewe Dolores hakuwahi kumtetea. Yeye hukaa nasi sebuleni akifuma tu, macho kwenye sindano. "Watu wazima na akili zao wanalilia kampira!" Ndivyo anavyosema tangu waoane.

Basi ikafika mechi ya kombe lenyewe. Awamu ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, kabaki mpigaji wao mmoja tu wa kutolewa, kombe liwe letu. Dolores akaweka sindano chini.

"Naenda kumleta mume wangu."

"Dolores, tutafungwa!"

"Fungweni! Mzee kangoja hiki kitu maisha yake yote, leo mnamfungia na matairi? Mna roho mbaya nyie!"

Akamleta amemshika mkono. Kaz naye, alipoingia tu, akaipa televisheni mgongo na kubaki anatutazama sisi.

"Endeleeni," akasema. "Mimi sioni kitu."

Mrushaji wetu akarusha. Mpigaji wao akapunga gongo, akaukosa mpira kwa mara ya tatu, katolewa! Lo! Nyumba nzima ilipiga kelele, mimi nikamwaga kabichi. Tulipomkumbuka Kaz, alikuwa bado kasimama vilevile, machozi yanamtiririka.

"Geuka, we mzee! Tumechukua kombe! Masikini, umekosa kuona!" Nilimwonea huruma kwa kweli.

"Nimeona," Kaz akasema. "Dolores karuka."

Tukageuka. Dolores alikuwa juu ya kochi langu, na viatu vyake, ngumi hewani, uzi umemzonga shingoni.

"Sikuruka," akasema. "Natafuta sindano."