Mara Moja au Mara Mbili Hekaluni

Kwetu Waluo, mwanamume habishani na mama mkwe wake. Hamkodolei macho wala hali naye meza moja. Desturi hiyo imeokoa ndoa nyingi, ila walioianzisha hawakumfikiria mkwe anayefundisha Agano Jipya chuo kikuu.

Jumamosi moja tulimtembelea mama mkwe kwake Migosi. Mimi niliketishwa sebuleni, yeye akabaki jikoni. Mke wangu alikuja na sura ya mjumbe.

"Mama ana shida. Kwenye darasa lake la Biblia, mwalimu mmoja mstaafu amemuuliza: Yesu aliwafukuza wachuuzi hekaluni lini? Yohana anaiweka habari hiyo mwanzoni, wale waandishi wengine watatu wa Injili wanaiweka wiki ya mwisho. Mama alikosa jibu. Sasa akina mama wananong'ona kwamba darasa apewe huyo mwalimu."

Darasa hilo mama mkwe amelilea tangu awe mjane. Nilijiweka sawa kwenye kochi, nikaeleza kwamba waandishi wa kale hawakufuata kalenda, walipanga matukio kwa maana yake. Kwamba wasomi wengine wanaona tukio ni moja, wengine mawili. Nilieleza vizuri sana, kwa muda mrefu.

Mke wangu akaenda jikoni. "Anasema hata yeye hajui."

"Sikusema hivyo!"

Sauti ikatoka jikoni, si kwangu, ila ya kunifikia. "Muulize, miaka yote hiyo chuoni alikuwa anasoma nini?"

"Mwambie Mama mimi nashika mara moja. Yohana aliitanguliza makusudi, tujue mapema kitabu chake kinahusu nini."

Mwiko ulisimama kwenye sufuria. "Basi mwambie hajapita soko la Kibuye siku hizi. Wachuuzi wakifukuzwa asubuhi, jioni wamerudi na nyanya zao. Mara moja ingetosha wapi?"

"Mwambie hiyo si hoja ya kitaaluma."

"Hiyo peleka mwenyewe," mke wangu akasema.

Jumapili mama mkwe alifundisha pande zote mbili. Tulisikia kwamba aliwaambia, "Wako wanaosema mara moja. Mkwe wangu ni mmoja wao, na ni mtu mzuri hata hivyo." Mwalimu mstaafu akasimama upande wangu, wengine wakampinga, na kwaya ikabidi iwatoe ili ifanye mazoezi. Habari ya kumnyang'anya darasa haikutajwa tena. Waliomba tu waendelee wiki inayofuata.

Tuliporudi Migosi, mke wangu alitoka kununua samaki. Mama mkwe alileta chai, akaiweka meza ya mbali, akasimama kidogo akilitazama pazia.

"Watu wa mara moja wanaongezeka," akaliambia pazia. "Mkwe wangu aambiwe aache kuwapa nguvu."

"Ataambiwa, Mama," nikalijibu pazia.